Kutoka Bomani hadi Karakana: Kijana Mwenye Ulemavu wa Akili Kajiado

Mwaka 1968 serikali mjini Nairobi ilitoa nyaraka mbili zilizokuja kukutana Kajiado. Ya kwanza ilikuwa sheria ya ranchi za vikundi, iliyowapa Wamaasai hatimiliki za pamoja. Ya pili ilikuwa Waraka wa Serikali nambari 5, uliotokana na kamati ya mwaka 1964 iliyoongozwa na Ngala Mwendwa kuhusu matunzo na mafunzo ya watu wenye ulemavu. Kijana mwenye ulemavu wa akili anayeishi leo Kitengela ameguswa na zote mbili. Kwa maoni yangu, ile ya ardhi ilimgusa zaidi.

Mwanaanthropolojia Aud Talle kutoka Norway alifanya utafiti miongoni mwa Wamaasai wa Kajiado. Makala yake yalichapishwa mwaka 1995 katika kitabu kuhusu ulemavu na utamaduni kilichohaririwa na Benedicte Ingstad na Susan Reynolds Whyte. Alieleza kwamba mtoto mwenye ulemavu alilelewa kama watoto wengine wa boma, na kuhesabiwa mtoto kamili wa ukoo. Nisingependa kuyapamba maisha hayo. Ufugaji una shida zake, na ukame haumhurumii mtu. Lakini boma lilikuwa na kazi za kila kimo. Aliyeshindwa kuongoza ng'ombe mbali aliweza kuwazuia ndama wakati wa kukamua, kuokota kuni, kuchota maji, kumbembeleza mtoto. Kazi zilijirudia kila siku kwa mpangilio uleule, na macho ya kumwangalia yalikuwa mengi. Ufundi na malezi vilikaa mahali pamoja.

Kisha ardhi ikagawanywa. Ranchi ya kikundi ya Kitengela ilikatwa vipande mwaka 1988, kila mwanachama akapata chake, na vipande vikaanza kuuzwa. Sheria ya mwaka 1990 ya viwanda vya kuuza bidhaa nje ikafungua eneo la EPZ pale Athi River, ng'ambo tu ya mpaka wa kaunti, na maelfu ya watu wakaja kutafuta kazi na vyumba vya kupanga. Sensa ya 2009 ilikuta watu wapatao 58,000 Kitengela. Ile ya 2019 ilikuta 154,436. Familia zilizohamia zilitoka Machakos, Kisii, Murang'a, Kakamega na kwingineko, na nyingi ziliwaacha nyuma bibi, shangazi na binamu ambao kule kwao wangemshika mkono mtoto anayechelewa kujifunza.

Shule, kwa upande wake, ilikuja polepole. Serikali ya kikoloni ilifungua hospitali ya Mathari mwaka 1910, na kwa miongo mingi mtu mwenye ulemavu wa akili aliwekwa fungu moja na mgonjwa wa akili, kosa ambalo bado linasikika hata kwa watu waliosoma. Huko Ufaransa, Édouard Séguin alikuwa ameonyesha tangu miaka ya 1840 kwamba watoto hawa hufundishika, mradi uanze na mikono na hisi kabla ya herufi. Nairobi ilipata shule ya St Nicholas na shule maalum ya Aga Khan, ambazo baadaye ziliunganishwa kuwa Jacaranda. Kwa mtoto wa mfugaji wa Kajiado, Jacaranda ilikuwa mbali sana.

Waraka wa 1968 ulizaa vituo vya ufundi, kikiwemo cha Nairobi cha mwaka 1971, lakini fikra iliyovitawala ilikuwa ya ulemavu wa viungo: ushonaji, useremala na kazi ya ngozi kwa mtu ambaye akili yake haikutiliwa shaka. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, vilianza vituo vya kuwapima watoto na kuwaelekeza shule, na mwaka 1986 ikaanzishwa KISE, taasisi ya kuwaandaa walimu wa elimu maalum. Hapo ndipo vitengo maalum vilipoanza kuenea ndani ya shule za kawaida za msingi. Elimu ya msingi bila malipo ya 2003 iliwaleta wengi zaidi, ila mfumo wa 8-4-4 ulipima kila kitu kwa mtihani, na mtoto asiyefanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, alikaa kitengoni mwaka baada ya mwaka hadi ndevu zikamwota. Mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa 2017, umewapa watoto hawa njia yao wenyewe: hatua ya awali, ya kati, ya kujiandaa kwa ufundi, na ya ufundi wenyewe. Hilo ni jambo kubwa, na nalisifu bila kusita.

Ufundi huo hufundishwaje? Chukua bangili ya shanga, kazi ambayo Kajiado inaijua vizuri. Mwalimu huigawa katika hatua ndogo ndogo, kisha huanzia mwisho. Anatunga bangili karibu yote, anamwachia mwanafunzi shanga moja na fundo. Mwanafunzi anaimaliza, na kilicho mkononi mwake ni bangili nzima. Akizoea, anaachiwa shanga mbili za mwisho, kisha tano, kisha safu. Mbele yake kuna kadi iliyobandikwa shanga kwa mpangilio wa rangi: nyekundu, nyeupe, buluu, ili asilazimike kuubeba kichwani. Siku ya kuuza, kadi nyingine ina picha ya bangili na picha ya noti ya shilingi 100, naye analinganisha. Hatua hizi huchukua miezi, pengine muhula mzima kwa fundo peke yake. Mwalimu asiye na subira hawezi kazi hii.

Yote hayo yanaweza kupotea jioni moja nyumbani, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mama wa Kitengela anayewahi zamu ya kiwandani, au kibarua cha kufua, humvalisha kijana wake wa miaka 17 kwa sababu ni haraka zaidi. Vifungo vya shati alivyojifunza shuleni wiki nzima vinafungwa na mama kwa nusu dakika. Siku za likizo mlango hufungwa kwa kufuli kutoka nje. Mama anaogopa pikipiki, anaogopa mashimo ya machimbo ya mawe, na kama ni binti, anaogopa wanaume. Baba mara nyingi ameshaondoka. Familia zenye mtu mwenye ulemavu mkali zilizoandikishwa katika mpango wa Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, na pesa hizo huishia kwenye kodi na unga kabla hazijafika kwenye nauli ya shule. Kumlaumu mama huyu kwamba anamdekeza mtoto ni dhuluma. Anafanya peke yake kazi iliyokuwa ya boma zima.

Wazazi wenyewe wamelijua hili kabla ya serikali. Chama cha kuwatetea watu wenye ulemavu wa akili Kenya, KSMH, kiliundwa mwaka 1971. Chama kingine cha Kenya, KAIH, nacho kimejengwa juu ya vikundi vya wazazi. Zanzibar, jumuiya ya ZAPDD iliyoanza mwaka 1999 imefuata njia hiyohiyo. Katika kikundi, mama hujifunza kuichambua kazi ya nyumbani kama mwalimu anavyoichambua bangili: leo kijana asuuze kikombe tu, mwezi ujao akioshe na kukisuuza. Mzazi mmoja huwaangalia watoto wa wawili wengine ili wale waende kibaruani. Chama kidogo cha akiba hununua kuku wachache, na kijana anapewa kazi ya kuwawekea maji.

Pengo kubwa liko baada ya kitengo. Vyuo vya ufundi vya kitaifa vya watu wenye ulemavu, yaani Karen, Machakos, Sikri na Nyang'oma, viliundwa kwa ajili ya viziwi na wasioona. Vyuo vidogo vya ufundi vimekuwa chini ya kaunti tangu ugatuzi wa 2013, kwa hiyo Kajiado ina uwezo wa kisheria wa kumpokea kijana huyu karibu na kwao. Ningetaka kila chuo hicho kiwe na mwalimu mmoja wa elimu maalum, karakana inayokubali mwanafunzi achukue muda mrefu kuliko wenzake, na siku maalum ya mzazi kukaa darasani akiona hatua zinavyofundishwa. Ningetaka pia fundi wa jua kali pale mtaani, mwenye sehemu ya kuosha magari au meza ya kukaanga mandazi, alipwe posho kidogo na kaunti ili amchukue kijana mmoja kama mwanagenzi. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 ilitaja asilimia 5 ya nafasi za kazi. Kwa kijana aliyemaliza kitengo, nafasi ya kwanza kati ya hizo inaweza kuwa kwa fundi huyo, umbali ambao mama yake anaweza kumfuata kwa miguu.