Mfumo wa tuzo wa ubongo na unene

Mfumo wa tuzo ni mtandao wa neva, unaotegemea sana kemikali ya dopamini, unaomsukuma mtu kurudia kilichompa raha. James Olds na Peter Milner waliubaini Montreal, Kanada, 1954, panya walipobonyeza wenzo tena na tena wapate msisimko wa umeme ubongoni. Mwaka 2010, Paul Johnson na Paul Kenny wa Florida waliwalisha panya soseji, bekoni na keki ya jibini hadi wakanenepa. Vipokezi vyao vya dopamini aina ya D2 vilipungua, nao, kama waraibu, wakaendelea kula hata taa ilipowaonya kwamba shoti ya miguuni inakuja. Kumwita mnene mlafi tu, basi, ni kumwonea. Hata hivyo, uraibu wa chakula haumo katika mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa 2013.