Mkono Unaoonekana: Mchezo wa Simu Kambove

Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya migodi ya Kongo, ilianza kuwalipa wafanyakazi wake ili waondoke kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Zaidi ya watu 10,000 waliondoka katika miji ya migodi ya Katanga. Baba yangu, wa Kambove, alikuwa mmoja wao, na kati ya vitu alivyonunua kwa pesa ile kulikuwa na Nokia 1100, simu iliyotoka mwaka huohuo. Yeye aliipendea tochi. Sisi watoto tuliipendea mchezo wa nyoka.

Siku hizi, Lubumbashi, kazi yangu ni kuchora sura za michezo ya simu: kitufe kikae wapi, kitu kianguke kwa mwendo gani, mchezaji ajue vipi kwamba zamu ni yake. Wenzangu wengi huihesabu historia ya kazi hii kuanzia mwaka 2007, vioo vya kugusa vilipoanza kuenea. Mimi naianzia kwenye simu ya baba, kisha narudi nyuma zaidi, kwenye mashimo yaliyochimbwa ardhini.

Yule nyoka alitoka Finland. Taneli Armanto, mhandisi wa Nokia, alimtengeneza kwa ajili ya Nokia 6110, mwaka 1997. Wazo lenyewe lilikuwa la zamani kuliko simu za mkononi: Blockade, mchezo wa mashine za sarafu, ulikuwa umetoka Marekani mwaka 1976. Kazi aliyoifanya Armanto ni kuuingiza mchezo wa namna hiyo katika kioo kidogo na vitufe vya kupigia namba, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Kitufe cha 2 kilimpeleka nyoka juu, 8 chini, 4 kushoto, 6 kulia. Katikati palikuwa na 5, yenye kinundu ambacho kidole gumba hukipata hata gizani, na kwetu giza lilikuwa jambo la kawaida. Hakuna aliyetusomea maelekezo. Uliweza kuchagua kasi, na kadiri kasi ilivyopanda ndivyo kila tonge la nyoka lilivyoleta pointi nyingi zaidi, hivyo mtoto wa miaka 6 na kaka yake wa 15 waliweza kushindana kwa simu moja. Nyoka akijigonga, ulijua kosa ni la kidole chako. Hukuwa na mtu mwingine wa kumlaumu.

Betri yake, ile BL-5C ambayo baadaye Afrika Mashariki nzima iliizoea kwenye redio ndogo, ni ya lithiamu. Betri za aina hiyo zimekuwa zikitengenezwa kwa kobalti tangu Sony ilipoanza kuziuza mwaka 1991. Kambove inachimba shaba na kobalti. Baba alilitambua jambo hilo kabla yetu, akawa anatuambia tusimalize jasho lake kwa nyoka.

Kabla ya nyoka kulikuwa na kisolo, mchezo wa mashimo na vijiwe. Kampuni ya migodi ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, reli ikafika Kambove mwaka 1913, na kuanzia mwaka 1928 kampuni ikaanza kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na familia zao badala ya kuwarudisha makwao baada ya miezi michache. Watu walitoka kwa Waluba, Kasai, Maniema, hata Rwanda na Burundi. Mchezo wa mashimo wengi wao walikuwa nao tangu kwao. Haukuhitaji mizigo: ardhi ipo, vijiwe vipo. Na si mchezo wa kambini tu. Katika British Museum, London, iko sanamu ya Shyaam, mfalme wa Wakuba wa karne ya 17, na mbele ya miguu yake umechongwa ubao wa mchezo wa mashimo. Fundi aliyetakiwa kumwonyesha mfalme kwa alama moja alichagua mashimo.

Ubao wa bao la Zanzibar, mchezo mwingine wa mashimo, nao ni darasa kwa mtu wa kazi yangu. Mashimo ni 32, karibu yote ya duara, isipokuwa shimo liitwalo nyumba, ambalo huchongwa mraba kila upande. Kidole kikifika pale kinajua kimefika mahali penye sheria yake. Mchezo unapoanza, kila mchezaji ana kete 22 ambazo bado hazijaingia, na kando ya ubao kuna shimo kubwa la kuziwekea, kwa hiyo kila mmoja anaona mwenzake amebakiwa na akiba kiasi gani. Hakuna maandishi hata herufi moja.

Nilipoanza kuchora kisolo cha simu, nilimpelekea mzee mmoja wa Kambove mchezo wa mashimo uliotengenezwa ng'ambo, nione atakavyoupokea. Aligusa shimo, kete zikaruka zote kwa pamoja, namba zikabadilika. Akanirudishia simu.

“Hii telefone inaiba. Mukono yake iko wapi?”

Alikuwa sahihi. Kwenye ubao, macho ya mpinzani hayatoki mkononi mwako tangu unapochota hadi kete ya mwisho, na hapo ndipo uaminifu wa mchezo unapokaa. Nyoka wa Nokia hakuwa na shida hiyo kwa kuwa mkono ulikuwa wako peke yako. Basi kwenye mchoro wangu kete huanguka moja moja, kila moja na mlio wake, na ya mwisho hubaki na mwanga mpaka mpinzani aguse. Simu hushikwa kwa ulalo ili safu ya mashimo saba ipate nafasi, na idadi ya kete huonekana juu ya kidole, kwa kuwa kidole gumba hufunika shimo zima. Mchezo haudai intaneti wala kuandika jina lako.

Mzee sasa anataka ukibonyeza shimo kwa muda uonyeshwe kete ya mwisho itaangukia wapi, kwa sababu macho yake yamechoka. Wajukuu zake wanakataa katakata: wanasema kuhesabu kichwani ndiyo kisolo chenyewe. Kwa sasa msaada huo unaweza kuwashwa au kuzimwa kabla ya mchezo kuanza, wapinzani wote wawili wakikubaliana, na kwenye ua wa yule mzee bado hawajakubaliana.