Panya wa Bi Lathrop

Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Granby, Massachusetts, mwalimu aliyeacha kazi kwa ugonjwa, Abbie Lathrop, alifuga kuku, wakamshinda, akageukia panya. Aliwauza kama wanyama wa kupendeza nyumbani. Baadaye wanasayansi nao wakaanza kuagiza. Kutokana na uzao wa panya wake, mwanajenetiki Clarence Cook Little alianzisha mwaka 1921 ukoo wa C57BL, panya weusi waliozalishwa ndugu kwa ndugu hadi wakafanana kama mapacha.

Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu kinga ya mwili tumeyasoma kwa panya. Mwaka 1961 Jacques Miller, akiwa London, aliviondolea vitoto vya panya tezi ya thaimasi, ambayo wengi waliiona kama kaburi tu la seli. Vikapungukiwa limfosaiti, seli nyeupe za kinga, vikafa kwa maambukizi, na ngozi ya panya mgeni iliyopandikizwa kwavyo haikukataliwa. Kumbe kaburi lile lilikuwa chuo cha askari!

Afrika nayo imo. Mwaka 1948 watafiti Vincke na Lips walitangaza kimelea cha malaria, Plasmodium berghei, walichokikuta kwa panya wa vichakani Katanga. Malaria yetu haimshiki panya, hivyo hiki kikawa kibadala chake. Mwaka 1967 Ruth Nussenzweig na wenzake, New York, walionyesha kwamba vimelea hivyo vikidhoofishwa kwa mionzi humkinga panya. Njia iliyoanzia hapo ilichangia kufikia chanjo ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka 2021.

Lakini sisi na panya tuliachana zaidi ya miaka milioni 70 iliyopita. Katika damu yetu, nyutrofili ni kama asilimia 50 hadi 70 ya seli nyeupe. Kwa panya ni 10 hadi 25, limfosaiti ndizo zimejaa. Tena nyutrofili zetu hubeba difensini, silaha za kuua bakteria. Za panya hazina.

Tofauti kama hizi zina gharama. Machi 2006, London, vijana sita walidungwa dawa ya majaribio, TGN1412. Kwa panya, dawa ya aina hiyo iliongeza seli zinazotuliza kinga. Kwa vijana wale, kinga ililipuka ndani ya saa chache, wakalazwa mahututi. Wote walipona, ila mmoja alipoteza vidole.

Binafsi simlaumu panya wa maabara. Anaishi kwenye kizimba kisafi kuliko wodi, hajawahi kuugua chochote. Mwaka 2016 watafiti wa Minnesota walieleza kwamba seli zake za kinga zinafanana na za kichanga wa binadamu. Wakawachanganya panya wa maabara na panya walionunuliwa dukani, wachafu, wenye vijidudu vyao. Baadhi walikufa. Waliosalia, seli zao zilikaribia za mtu mzima. Ikabidi ukoo wa Little urudishwe miongoni mwa panya wa kupendeza nyumbani, biashara ile ile ya Bi Lathrop.