Herald lilivyovua wasomaji Ujiji

Kila mwandishi kijana anaulizwa swali hili, na asipoulizwa hujiuliza mwenyewe usiku: nani ananisoma? Juzi nilikaa na wenzangu wa taaluma hii, kahawa mkononi, kila mmoja akitoa dawa yake ya kuvuta wasomaji. Huyu anasema picha kubwa. Yule anasema kichwa cha habari kiwake moto. Wa tatu, ambaye ni mjanja kuliko sisi wote, akasema: wataje wakubwa, nao watakutaja, na wasomaji wao watakuja kwako. Nikawaambia dawa zote hizo zilikwisha kujaribiwa kwetu Ujiji mwaka 1871, tena kwa fedha nyingi na roho za watu. Wakadhani natania. Basi ndugu msomaji, habari yenyewe ni hii, isije ikasemwa kwamba mwana wa Kigoma anajua kujivunia mawese na migebuka tu.

Kisa cha Stanley na Livingstone tulikisoma sote shuleni, na wengi tulikisoma kama somo la "wapelelezi" waliokuja kuchungulia bara letu kabla ya wakoloni. Sawa. Lakini mwalimu wangu hakutuambia jambo moja ambalo kwangu mimi, mtu wa magazeti, ndilo kubwa kuliko yote: safari ile ililipiwa na gazeti. Si serikali, si misheni, si chama cha wanajiografia. Gazeti la New York Herald lilitaka wasomaji.

Herald lilianzishwa mwaka 1835 na James Gordon Bennett, mhamiaji kutoka Scotland, likauzwa senti moja wakati magazeti ya wakubwa yaliuzwa senti sita. Mwaka 1836 alipouawa binti mmoja jijini New York, Helen Jewett, Bennett alikwenda mwenyewe hadi chumba cha mauaji akaandika alichokiona, watu wakaligombea gazeti. Wenye heshima zao walimtukana, na walimtukana huku wakilisoma. Mzee alipomwachia mwanawe gazeti miaka ya 1860, mwana, ambaye naye aliitwa James Gordon Bennett, alikuwa na wazo lililompita baba. Baba alikimbilia habari ilipotokea. Mwana aliona kwamba gazeti lenye fedha linaweza kwenda kuifanya habari itokee.

Hapo ndipo Dk. David Livingstone anapoingia. Aliondoka Zanzibar mwaka 1866 kutafuta chanzo cha mto Nile. Baadaye baadhi ya watu wake walirudi pwani wakisema ameuawa, kikosi kikaenda kuchunguza mwaka 1867 kikagundua ni uongo. Barua zake zikawa haba, halafu kimya. Yu hai? Amekufa? Amezeeka akaoa huko akaamua kubaki? Ulaya na Marekani zilikuwa zinauliza.

Kwetu dagaa huvuliwa usiku. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa wakaufuata mwanga, wavu ukawazoa. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hulala nyumbani, maana taa haina thamani pale ambapo ziwa zima linang'aa. Kimya cha Livingstone ndicho kilikuwa giza la Bennett. Hakulitunga swali. Alilikuta liko vinywani mwa watu, akaona hakuna gazeti lililojitolea kwenda kulijibu.

Mtu aliyemchagua alikuwa Henry Morton Stanley, ambaye jina lake la kuzaliwa ni John Rowlands, mtoto wa Wales aliyekulia katika nyumba ya maskini. Bennett alimwita Paris mwezi Oktoba 1869, Stanley akiwa na miaka 28 (ndiyo, rika letu hili hili). Kwa mujibu wa Stanley mwenyewe, aliambiwa achukue pauni elfu moja, zikiisha achukue elfu nyingine, na nyingine tena, ilimradi ampate Livingstone. Wahariri wa siku hizi wakisoma hapa wasizimie. Bennett alikuwa na sababu ya kumwamini kijana huyu. Mwaka 1868, katika vita vya Waingereza dhidi ya mfalme Tewodros wa Uhabeshi, Stanley aliliandikia Herald, na alipopita Suez alimhonga karani wa simu ili taarifa yake iende kwanza kabla ya za wengine. Ikaenda, kisha waya wa chini ya bahari ukakatika! Herald likawa na habari ya ushindi peke yake kwa siku kadhaa. Sisemi tuige hongo. Nasema tu mjue ni mtu wa namna gani aliyekuja Ujiji.

Ajabu ni kwamba Bennett hakumtuma moja kwa moja. Kwanza alimpeleka kwenye ufunguzi wa mfereji wa Suez, kisha Jerusalem, Constantinople, Uajemi hadi India, akiandika njiani. Alifika Zanzibar Januari 1871. Nadhani tajiri huyu alikuwa anaacha giza likolee: Livingstone akiwa amekufa, mifupa yake haiendi popote, akiwa hai, kila mwezi wa kimya unamwongezea bei. Ni dhana yangu tu, lakini ukimjua Bennett haikushangazi.

Pale Zanzibar Stanley alikuta hakuna fedha zinazomsubiri, akaokolewa na balozi mdogo wa Marekani, Francis Webb, aliyemdhamini apate mkopo. Akaficha safari yake. Balozi wa Uingereza, John Kirk, aliambiwa jamaa anakwenda kuutazama mto Rufiji. Halafu akanunua ushanga, nyaya za shaba, kaniki na merikani. Hiyo merikani ilikuwa pamba ya Marekani yenyewe, na jina lake bado tunalo midomoni. Kwa hiyo habari ya Kimarekani ililipiwa njia nzima kwa nguo ya Kimarekani, kila mtemi akipewa hongo yake. Msafara ulitoka Bagamoyo kwa mafungu matano, fungu la mwisho mwezi Machi, na kiongozi wa askari wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekwisha kufika Ujiji mwaka 1858 pamoja na Burton na Speke. Wazungu wawili aliotoka nao pwani, Farquhar na Shaw, walifia njiani. Wapagazi na askari waliokufa ni wengi zaidi. Tabora alijiingiza katika vita vya Waarabu dhidi ya Mirambo, wakashindwa vibaya, ikabidi azunguke kwa kusini.

Sasa sikilizeni alivyoipata habari yake, maana hapa wanahabari tuna la kujifunza. Karibu na Malagarasi alikutana na watu wa msafara waliotoka Ujiji. Wakamwambia kuna mzungu mwenye mvi amefika pale. Huo ndio uthibitisho wake wa kwanza wa karibu, na aliyeutoa ni wapita njia. Barabara ya misafara ilikuwa shirika la habari tosha. Watu wa Uvinza na Uha walijua aliko Livingstone wakati London nzima inabahatisha. "Kupotea" kwa Livingstone kulikuwa kupotea machoni pa watu wa mbali.

Kupita Uha, hongo ilikuwa kubwa kiasi kwamba Stanley aliamua kunyata usiku porini, kimya kabisa. Lakini alipofika kwenye vilima vinavyotazama ziwa, akaamuru bunduki zipigwe na bendera ya Marekani itangulie mbele. Wenyeji wa Ujiji walijua maana ya bunduki zile, ndivyo misafara ilivyobisha hodi. Watu wakafurika. Mtu wa kwanza kumsalimu Stanley kwa Kiingereza ni Susi, mtumishi wa Livingstone, ambaye alitimua mbio kumpelekea mzee habari kwamba Mwingereza anakuja. Bendera ndiyo iliyomsahihisha. Tarehe? Stanley aliandika 10 Novemba 1871, nayo ndiyo inayokumbukwa Ujiji. Hesabu ya Livingstone inaangukia mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili homa zilikuwa zimewavurugia siku.

Halafu lile swali maarufu la maneno manne ya Kiingereza, la kumuuliza mzee kwa adabu ya sebuleni kama yeye ndiye Dk. Livingstone, kana kwamba wazungu walikuwa wamejaa pale Ujiji wa kuchanganya. Dunia nzima inalijua. Tatizo ni kwamba Livingstone hakuliandika popote, na katika shajara ya Stanley kurasa zinazohusu dakika ile zimechanwa. Tim Jeal, aliyepekua karatasi za Stanley na kuandika wasifu wake uliotoka mwaka 2007, anaamini swali lile lilitungwa baadaye. Mimi nakubaliana naye. Mtu hachani ukurasa unaomtetea.

Na hapa ndipo panaponiuma kama mwandishi. Stanley alikuwa na habari ya kweli, iliyogharimu maisha ya watu, isiyohitaji hata punje ya chumvi. Bado inaonekana aliitia chumvi, na ni chumvi hiyo iliyodumu. Ukimuuliza kijana wa Toronto au Mumbai leo kuhusu Ujiji, kama anajua chochote, anajua swali lile. Wapagazi hawajui. Vita vya Mirambo havijui. Miaka mitatu baadaye, Novemba 1874, Herald lilichapisha habari kwamba wanyama wakali wametoroka kwenye bustani ya Central Park na wanaua watu mitaani; wenye haraka wakajifungia ndani kabla ya kufika mwisho wa habari, ambako gazeti lilikiri kwamba yote ni kubuni. Mkono uliozoea chumvi haujui kipimo.

Turudi kwenye wasomaji. Zanzibar haikuwa na waya wa simu hadi mwaka 1879, kwa hiyo habari iliondoka kwa meli. Stanley alifika Bagamoyo Mei 1872, na Julai Herald likaimwaga. Magazeti ya London hayakuwa na la kufanya. Habari ilimhusu Mwingereza wao, waliyemtafuta kwa kikosi chao, na sasa iliwabidi wainakili huku wakilitaja gazeti la New York. Yule rafiki yangu mjanja angefurahi: kutajwa na wakubwa ambao hawataki kukutaja ni kutajwa kuzuri kuliko kote. Mkuu wa chama cha wanajiografia cha London alijaribu hata kudai kwamba Livingstone ndiye aliyemwokoa Stanley. Mahasimu wa Herald pale New York wakasema barua ni za kughushi. Ubishi ule ulilinufaisha Herald kuliko sifa. Familia ya Livingstone ilipothibitisha mwandiko, wabishi walikuwa wamekwisha kulitangaza gazeti bure.

Barua hizo ndizo sehemu ya kisa ninayoiheshimu. Livingstone alimwandikia Bennett kumshukuru, akatumia nafasi hiyo kueleza biashara ya watumwa, na alichokishuhudia kwa macho yake Nyangwe, ng'ambo ya ziwa, tarehe 15 Julai 1871, wanawake walipopigwa risasi sokoni na wengine kuzama mtoni. Bennett alitaka kuuza gazeti. Livingstone akaazima wasomaji wa Bennett. Sauti ile ilijiunga na nyingine zilizokuwa zikipigwa Uingereza, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Zanzibar. Livingstone alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla. Wamisionari wa London wakafika Ujiji mwaka 1878, na mwaka 1885 wakashusha ziwani meli yao ya mvuke iliyoitwa Good News, yaani Habari Njema. Nyuma ya wamisionari mnajua walifuata akina nani.

Ujiji yenyewe? Reli ilipofika ziwani mwaka 1914 ilikwenda kuishia Kigoma, na bandari ikawa huko. Ujiji ikabaki na makumbusho, miembe inayosemekana ni uzao wa ule mwembe wa siku ile, na sanamu mbili za wazungu wakisalimiana. Hata maji ya ziwa yamesogea mbali na mahali pale. Na tuna mshindani: kusini mwa Bujumbura, Mugere, kuna jiwe limechorwa majina ya wawili hao na tarehe 25 Novemba 1871. Walilala pale kweli, walipokwenda pamoja kaskazini wakagundua mto Rusizi unaingia ziwani na hautoki. Wapo wanaowaambia wageni kwamba ndipo walipokutania. Majirani zetu nao wanajua kuwasha taa.

Susi na Chuma, baada ya kusaidia kuubeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo, walifika Uingereza mwaka 1874 wakamsaidia Horace Waller kuandaa shajara za mwisho za bwana wao. Jina la mhariri kwenye kitabu ni la Waller. Wa upande wetu aliyeandika yake mwenyewe ni Tippu Tip, Hamed bin Muhammed, aliyewajua Livingstone na Stanley wote wawili. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1900, na humo analalamika wazi kwamba Stanley alimwahidi mengi na hakutimiza. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, msije mkamfanya shujaa. Lakini kitabu chake kipo, kwa lugha yetu, na katika meza ile ya kahawa sikumpata hata mmoja aliyekwisha kukisoma.