Poromoko la theluji (Alpi)

Poromoko la theluji ni theluji inayong'oka mteremkoni na kushuka kwa kasi huku ikisomba kila inachokikuta. Katika milima ya Alpi yanayokumbukwa zaidi ni yale yaliyofika vijijini: majira ya baridi ya 1950–51 watu zaidi ya 250 walikufa, na tarehe 23 Februari 1999 watu 31 walifia Galtür, Austria. Siku hizi makazi hulindwa kwa misitu, kuta na vizuizi vya chuma. Wanaokufa sasa wengi wao ni watembeaji na watelezaji wa skii walioacha njia zinazotunzwa.

Linaloua mara nyingi zaidi ni poromoko la bamba: theluji iliyoshikamana, aghalabu iliyorundikwa na upepo, ikalalia tabaka dhaifu. Tabaka hilo hujengeka kimyakimya. Mwanzoni mwa msimu theluji huwa nyembamba. Ardhi chini yake hukaribia nyuzi 0 wakati hewa ya juu imeshuka mbali chini ya hapo. Mvuke hupanda kutoka chini na kuganda upya kuwa chembe kubwa zenye pembe, zisizoshikana. Ukizichota kwa mkono humwagika kama sukari. Sakitu ya usiku usio na mawingu nayo ikifukiwa na theluji mpya huleta hatari ileile, na huweza kudumu kwa wiki kadhaa.

Uzito wa mtu mmoja unatosha kulivunja tabaka hilo. Ufa hukimbia chini ya bamba, na mteremko mzima huachia. Katika ajali takriban 9 kati ya 10 zinazoua, aliyelianzisha poromoko ni mhanga mwenyewe au mwenzake. Maana yake vifo vingi vingeepukwa kwa uamuzi wa kugeuza njia. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo ya kuchunga kuliko yote, lakini anayepita bondeni chini yake hayuko salama pia, kwa kuwa ufa huweza kuanzia miguuni pake ukapanda juu.

Dalili zipo. Mvumo mzito wa theluji ikididimia miguuni, au nyufa zinazochomoka mbele ya skii, ni sababu tosha ya kurudi. Hakuna ushahidi zaidi unaohitajika. Wanaotaka kupima huchimba shimo, wakakata mnara wa theluji wa sentimita 30 kila upande, wakalaza bapa la beleshi juu yake na kuligonga: mara 10 kwa nguvu ya kifundo cha mkono, mara 10 kutoka kiwikoni, mara 10 kutoka begani. Mnara ukikatika mapema na kuchomoka kwa uso ulio bapa, mteremko haufai. Usipokatika, umesema habari za shimo hilo tu. Hatua chache mbele mambo huweza kuwa mengine.

SLF, taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko yake iliyoko Davos, Uswisi, hutoa taarifa ya hatari kila siku ya majira ya baridi, saa 11 jioni, kwa kipimo cha ngazi 5 kinachotumika Ulaya tangu 1993. Ngazi ya 3 ndiyo inayodanganya. Ipo katikati, watu huiona ya kawaida, na takriban nusu ya vifo hutokea siku zake.

Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 15 mara nyingi hupona. Zikifika 35 wengi wameshakosa hewa. Helikopta huwahi kwa nadra, hivyo waokoaji wa kweli ni wenzake wa safari, na kila mmoja lazima abebe kifaa cha redio cha kilohezi 457, fimbo ndefu ya kuchomea theluji na beleshi, kwani theluji ikisimama hukaza kiasi cha kutochimbika kwa mikono. Mteremko wenye shaka, pale usipoepukika, huvukwa na mtu mmoja mmoja huku wengine wakimtazama kutoka mahali salama, wajue alipoonekana mara ya mwisho.