Mfalme na Kichwa Ambacho Hakikukatwa

Katika karatasi isiyofikia hata ukubwa wa ukurasa wa gazeti, Mfalme Jahangir wa Wamughali wa India amesimama juu ya tufe la dunia, upinde ameuvuta hadi mwisho. Mbele yake kimetundikwa juu ya mkuki kichwa cha mtu mweusi, macho yamefumba. Bundi mmoja ametua juu ya kichwa hicho, mwingine ananing'inia amekufa. Tufe limebebwa na fahali, na fahali amesimama juu ya samaki, kama wazee wa pwani yetu nao walivyosimulia kuhusu ng'ombe anayeibeba dunia kwa pembe yake. Mawinguni watoto wenye mabawa wanamletea mfalme silaha; hao mchoraji aliwapata kwenye picha za Ulaya zilizofika India pamoja na mapadri Wajesuiti. Kuna mizani ya haki, kuna bunduki, na kuna mistari ya Kiajemi iliyoandikwa kwa herufi ndogo mno, ya kumsifu mpiga mshale.

Mchoraji ni Abu'l Hasan, mwana wa mchoraji Aqa Riza aliyetoka Uajemi. Alikulia katika nyumba ya Jahangir, na mwaka 1618 mfalme akamtunuku jina la heshima la Nadir al-Zaman. Picha hii aliichora katika miaka hiyohiyo, baina ya 1616 na 1620. Kwa ustadi wa mkono, sijui wengi wa kumshinda. Lakini tukio alilolichora halikutokea kamwe.

Mwenye kichwa kile ni Malik Ambar. Alizaliwa Ethiopia yapata mwaka 1548, jina lake la utotoni likiwa Chapu. Akauzwa utumwani, akavushwa Bahari ya Shamu, akapita mikononi mwa mabwana kadhaa mpaka Baghdad, ambako bwana mmoja alimsomesha na kumpa jina la Ambar. Baadaye akafikishwa Dekani, kusini mwa himaya ya Wamughali, akanunuliwa na Chingiz Khan, waziri mkuu wa usultani wa Ahmadnagar. Waziri huyo naye alikuwa Mhabeshi aliyewahi kuwa mtumwa. Kwake Ambar alijifunza siasa, hesabu za kodi na uongozi wa jeshi. Bwana wake alipofariki, mjane akamwacha huru.

Mwaka 1600 majeshi ya Wamughali yaliuteka mji wa Ahmadnagar. Wakubwa wengi walisalimu amri, Ambar alikataa. Alimtafuta kijana wa ukoo wa masultani, akamtawaza kwa jina la Murtaza Nizam Shah wa Pili, akamwoza binti yake, na yeye mwenyewe akashika hatamu za nchi kwa zaidi ya miaka 20. Hakuwa na jeshi la kulikabili la Jahangir uso kwa uso uwandani, kwa hiyo aliwatumia wapanda farasi wepesi wa Kimaratha: wanavamia misafara ya chakula, wanakata njia, kisha wanapotelea milimani. Miongoni mwa waliopigana chini yake alikuwamo Shahaji, baba yake Shivaji, mwasisi wa dola ya Wamaratha. Mwaka 1610 Ambar alijenga mji wa Khirki na kuuchimbia mifereji ya maji ya chini ya ardhi. Mji huo ndio uliokuja kuitwa Aurangabad.

Jahangir hakuwahi kukutana naye. Katika kumbukumbu alizoandika kwa mkono wake aghalabu amtajapo humtukana, na mara nyingi tusi ni rangi ya ngozi. Majemadari walitumwa Dekani mmoja baada ya mwingine. Mwanawe, Khurram, alimlazimisha Ambar kuachia ardhi na ngome, lakini kila jeshi lilipogeuka, Ambar alirudi. Mwaka 1624, akiwa mzee wa miaka 70 na ushei, aliyashinda pale Bhatvadi majeshi ya Wamughali na ya usultani jirani wa Bijapur yaliyoungana dhidi yake. Kichwa kwenye mkuki, basi, kilikuwa dua ya mfalme iliyotiwa rangi na dhahabu.

Ambar alikufa mwaka 1626, madaraka yakiwa bado mikononi mwake, akazikwa Khuldabad. Mutamad Khan, mwandishi wa tarehe za Jahangir mwenyewe, alikiri kwamba katika vita, uongozi na busara mtu huyu hakuwa na mfano. Jahangir akamfuata kaburini mwaka 1627.

Picha ikabaki. Wamughali walikuwa na desturi ya kuzikusanya picha na maandishi ya khati katika albamu, kila karatasi ikizungushiwa pambizo la maua na dhahabu. Hazina hizo zilianza kuvuja nguvu za Delhi zilipopungua, hasa baada ya Nadir Shah wa Uajemi kuupora mji huo mwaka 1739. Na baadaye Waingereza wa Kampuni ya India Mashariki wakawa wanunuzi na wapokeaji wakubwa wa zawadi. Karatasi yetu ilijikuta katika albamu ambayo leo huitwa ya Minto, kwa jina la ukoo wa Gilbert Elliot, Lodi Minto wa kwanza, Gavana Mkuu wa India kuanzia 1807 hadi 1813. Ilikaa katika ukoo huo hadi mwaka 1925, ilipopigwa mnada Sotheby's, London.

Hapo ndipo jambo linaponiuma. Albamu ilikuwa na karatasi 40, ikagawanywa kwa wanunuzi wawili: 21 zikaenda Makumbusho ya Victoria and Albert, 19 zikaenda kwa Alfred Chester Beatty. Miongoni mwa zile 21 imo picha nyingine ya Malik Ambar, kazi ya Hashim, mchoraji mwingine wa Wamughali. Ndani yake Ambar yu hai: mzee mzito wa mwili, amesimama wima katika vazi jeupe, upanga mkononi. Hashim alimchora kwa heshima ileile waliyochorwa wakuu wa dola. Albamu moja ilizibeba kauli mbili, chuki ya mfalme na ushahidi wa mchoraji, na mnada ukazitenganisha.

Beatty alikuwa mhandisi wa migodi, Mmarekani aliyehamia London. Kampuni yake, Selection Trust, ilikuja kuwa nguzo ya uchimbaji wa shaba katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Picha ya Mwafrika aliyechukiwa kwa rangi yake ikamilikiwa na mtu ambaye sehemu kubwa ya utajiri wake ilichimbwa na mikono ya Waafrika. Mwaka 1950 alihamia Ireland pamoja na mkusanyo wake, na alipofariki mwaka 1968 akauacha kwa manufaa ya umma. Tangu mwaka 2000 unatunzwa kwenye viwanja vya ngome ya Dublin, na kiingilio ni bure.

Wako wasomaji wetu wengi wanaoishi Ulaya. Ukifika Dublin, ulizia karatasi ya Abu'l Hasan, na ukifika London ulizia ya Hashim. Karatasi za umri huo hutolewa kwa zamu ili mwanga usizichakaze, kwa hiyo ulizia kabla ya kwenda. Na wanaozitunza, ombi ni moja: zikutanisheni tena, kwenye ukuta mmoja, walau kwa msimu mmoja.