Historia ya Diski ya Sinema, na Kwa Nini Kompyuta Kuukuu Huikataa

Wekeni madaftari karibu, maana leo mna herufi chache za kuandika.

Mwezi uliopita mama mmoja, mjane, alinijia akiwa na bahasha. Ndani yake mlikuwa na diski ya harusi yake ya mwaka wa 2007. Mumewe alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Alifukiwa na kifusi mwaka wa 2011. Picha za karatasi anazo mbili, lakini sauti ya mumewe haipo popote ila katika diski ile. Mwanawe alimnunulia kompyuta kuukuu. Walipoitia diski, kompyuta ilinguruma kidogo, kisha ikanyamaza. Fundi mmoja akamwambia, "Mama, diski hii imekufa. Itupe." Je, alisema kweli? Ili tujibu, yatupasa kwanza kurudi nyuma katika historia.

Sinema na sahani zimekuwa pamoja tangu zamani. Kule Marekani, mwaka wa 1926, kampuni ya Warner Brothers ilianza kuonyesha sinema ambazo sauti yake ilikuwa katika sahani ya santuri. Picha zilikuwa katika mkanda, sauti katika sahani, na vyote viwili vilizungushwa pamoja. Kwetu Tanganyika jambo hili halikuchelewa. Tangu mwaka wa 1935 hata 1937 palikuwa na jaribio la kutengeneza sinema za mafundisho kwa Waafrika, na makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Msimamizi wa kazi ya kupiga picha alikuwa Meja Notcutt. Wao pia walitia sauti katika sahani. Gharama yake ilikuwa ndogo, tena mkanda mmoja uliweza kufuatana na sahani ya Kiswahili hapa, na sahani ya lugha nyingine kule.

Lakini vyombo viwili vikifanya kazi moja, huja siku vikaachana. Sindano ikiruka juu ya sahani, sauti hutangulia picha, na watazamaji hucheka mahali pasipochekesha. Fundi mwenye akili hakuilaumu sahani kwanza. Alitafuta ni kipi kilichoachana na mwenzake. Lishikeni neno hilo, tutalihitaji.

Sasa turuke miaka mingi. Diski inayong'aa, yaani CD, ilianza kuuzwa mwaka wa 1982, nayo ilikuwa ya muziki tu. Mwaka wa 1993 ikatokea VCD, ambayo ni CD yenye sinema. Iliweza kuchukua dakika 74 hivi, ndiyo sababu sinema moja ilikuwa ikiuzwa katika diski mbili. Mwishoni mwa mwaka wa 1996 DVD ikaanza kuuzwa huko Japani.

Kwa macho, CD na DVD ni mapacha. Kila moja ina upana wa sentimita 12. Kwa kazi si sawa hata kidogo. Diski husomwa kwa mwali mwembamba wa leza unaopita juu ya alama ndogo mno. Alama za DVD ni ndogo zaidi na zimesongamana, hata DVD ya kawaida huchukua mambo karibu mara saba ya CD. Mwali wa CD hauwezi kuzitenganisha. Ni kama kuokota punje za ulezi kwa koleo.

Huku kwetu Bara televisheni ilichelewa. Vituo vya kwanza vilianza mwaka wa 1994, na cha Serikali miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo watu wengi walizijua sinema katika vibanda vya video, kwa kanda kwanza, kisha kwa diski. Katika vijiji vya wachimbaji jenereta ilinguruma nje, na ndani sauti ya Lufufu ikieleza kwa Kiswahili sinema ya kigeni. Baadaye zikaja sinema zetu wenyewe, na Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga mwaka wa 1984, akapata sifa hata nje ya nchi. Alifariki Aprili 2012. Wapiga picha za harusi nao waliacha kanda wakashika diski, na ndivyo mama yetu alivyopata yake.

Basi tuliitazama kompyuta ya mama. Penye mlango wa kuingizia diski paliandikwa herufi za CD peke yake. Tukaigeuza diski: mgongo wake ulikuwa wa rangi ya zambarau, kama DVD nyingi za kuandikwa. Mnaona? Diski ilikuwa hai. Mashine ndiyo iliyozaliwa kabla ya lugha yake.

Tuliazima kompyuta nyingine yenye herufi DVD. Diski ikafunguka, na ndani tukasoma VIDEO_TS. Hiyo ndiyo alama ya DVD. Ingekuwa VCD tungesoma MPEGAV. Walakini picha haikuonekana. Kompyuta ile ilitumia Windows XP ya mwaka wa 2001, ambayo haikuletwa na programu ya kufumbua picha za DVD. (Wala msidhani mpya ni bora daima: Windows 8 ya mwaka wa 2012 iliondolewa uwezo wa kuonyesha DVD.) Tukaitia programu ya VLC, iliyoanzishwa na wanafunzi huko Ufaransa na kutolewa bure kwa watu wote tangu mwaka wa 2001.

Kwa diski za dukani kuna kizuizi kingine. Wenye sinema waliigawa dunia katika kanda. Tanzania imo katika kanda ya 5, Ulaya ya 2, Marekani ya 1. Kompyuta iliyotoka Ulaya huweza kuikataa diski yetu, na kubadili kanda hukubali mara tano tu. Mimi nauita huo uchoyo, si ubovu wa mashine.

Picha ikaja, kisha ikakwama. Tuliifuta diski kwa kitambaa laini, tukianzia katikati kuelekea ukingoni. Msifute kwa kuzungusha, maana mkwaruzo unaofuata njia ya mwali huharibu sehemu ndefu. Tukairudisha. Mume akasimama mbele ya watu, akamtaja mkewe kwa jina, akawashukuru wakwe. Mama alinishika mkono nisiguse kitu.

Diski ya kuandikwa hufifia kwa jua na joto, kwa hiyo siku ile ile tulinakili harusi katika flashi mbili. Moja anayo mwanawe Kahama, nyingine imo sandukuni.

Andikeni sasa: CD. DVD. MPEGAV. VIDEO_TS. Kisha itazameni diski moja nyumbani na mashine moja, mwandike ni ipi iliyo na umri mkubwa zaidi. Kwaherini mpaka juma lijalo.